Vielezi vya Kiingereza Maabarani: Kazi Hii ni ya Mwalimu wa Sayansi

Mafundisho ya sayansi katika shule zetu za sekondari hutumia jitihada kubwa kumpa mwanafunzi majina. Hujifunza jina la kila chombo kilichomo maabarani, majina ya elementi pamoja na alama zake, majina ya sehemu za ua na vyumba vya moyo. Majina hayo huandikwa ubaoni, hukaririwa, na hatimaye huulizwa katika mtihani. Lakini sentensi ya sayansi haisimami kwa majina peke yake. Imo pia jamii ya maneno madogo, yaani vielezi, ambavyo katika Kiingereza aghalabu huishia kwa herufi "-ly", na kazi yake ni kueleza jambo limetendeka kwa kiasi gani, kwa namna gani na kwa uhakika gani. Vielezi hivyo havina mwenyewe shuleni. Mwalimu wa sayansi hudhani kuwa ni mali ya mwalimu wa Kiingereza. Naye mwalimu wa Kiingereza, aliye na hadithi na tamthilia za kumaliza kabla ya mwisho wa muhula, hana sababu ya kujua kuwa kielezi kimoja chaweza kupindua matokeo ya jaribio zima.

Katika Tanzania jambo hili lina uzito wa pekee. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili huingia Kidato cha Kwanza na kukuta fizikia, kemia na biolojia zikifundishwa kwa Kiingereza. Majina mapya huyapata upesi, kwa kuwa kila jina lina kitu chake cha kuonyeshwa. Kielezi hakionyeshwi kwa kidole. Hivyo mwanafunzi hukikisia, na akikosea hupoteza alama kwa jambo analolijua. Maoni yangu ni kwamba mwalimu wa sayansi ndiye apaswaye kuichukua kazi hii, na mahali pa kuifanyia ni maabarani, vipimo vikiwa mezani.

Tuanze na sentensi fupi ya kemia: "Magnesium hardly reacts with cold water." Mwanafunzi anajua kuwa "hard" ni ngumu, na kwamba kufanya kazi "hard" ni kuifanya kwa bidii. Amefundishwa pia kuwa "slow" ikiongezewa "-ly" huwa "slowly". Basi hukata shauri kwamba "hardly" ni kwa nguvu, na huandika kuwa magnesi hupambana vikali na maji baridi. Kumbe sentensi yasema kinyume chake: utepe wa magnesi ukitiwa katika maji baridi, tendo ni dogo mno hata macho yaweza yasilione. Metali ifanyayo vikali katika maji baridi ni sodiamu. Mwanafunzi huyu hakuwa mvivu; alifuata kanuni, na ni Kiingereza kilichoivunja. Mwenziwe atakutwa na mtego uo huo katika "late" na "lately", na katika "near" na "nearly".

Neno hilo la "nearly" latuleta kwenye jozi ambayo naiona kuwa ya hatari kuliko nyingine zote, yaani "nearly" na "barely". Ukimwuliza mwanafunzi wa Kidato cha Pili maana ya maneno haya, huenda akayajibu yote mawili kwa neno moja, karibu. Sasa tuseme wanafunzi wawili wamepasha maziwa moto ili kuua vijidudu, na kila mmoja ameandika katika daftari lake. Wa kwanza ameandika: "The milk nearly reached 63 degrees." Wa pili ameandika: "The milk barely reached 63 degrees." Vipimajoto vyao huenda vilitofautiana kwa nusu nyuzi tu. Lakini wa kwanza amesema kwamba maziwa hayakufika nyuzi 63, na wa pili amesema kwamba yalifika. Mstari umepita katikati yao. "Nearly" imesimama upande wa chini wa mstari, "barely" upande wa juu, ijapokuwa zote mbili zimeugusa kwa bega.

Hili si suala la sarufi tupu. Njia ya kutakasa maziwa iliyopewa jina la Louis Pasteur huyataka maziwa yakae katika nyuzi 63 za Selsiasi kwa muda wa dakika 30, au katika nyuzi 72 kwa sekunde 15. Nchini Marekani kiwango cha kwanza cha njia ile ya polepole kilikuwa nyuzi 143 za Fahrenheit, yaani kama 61.7 za Selsiasi. Mwaka 1956 kilipandishwa kuwa nyuzi 145, yaani 62.8, baada ya kubainika kuwa kijidudu cha homa iitwayo Q kilikuwa na uwezo wa kuokoka katika joto lile la awali. Tofauti yote ilikuwa nyuzi 2 za Fahrenheit. Maziwa yaliyofika kwa shida yalikuwa salama, na yale ambayo nusura yafike yaliweza kumlaza mtu kitandani.

Msomaji ataona kuwa katika sentensi hiyo Kiswahili kimelipambanua jambo bila taabu yoyote. Twasema "maziwa nusura yafike nyuzi 63", au "karibu yafike", na kitenzi huishia kwa "-e", ishara ya jambo lisilotimia. Twasema "maziwa yalifika nyuzi 63 kwa shida", na ile "-li-" yashuhudia kwamba tendo limetokea. Lugha yetu imeiweka tofauti hiyo ndani ya kitenzi, mahali ambapo hakuna awezaye kuikosa. Mwalimu akiwaonyesha wanafunzi jambo hili mara moja, akachora kipimajoto ubaoni na mstari mmoja mwekundu penye 63, hawatalisahau. Asipowaonyesha, kamusi peke yake haitawaokoa. (Kuhusu "almost" na "nearly" sitawachosha wasomaji, maabarani maneno hayo ni ndugu pacha, na anayetafuta tofauti kubwa baina yake anapoteza muda ambao angeutumia kwa "barely".)

Jozi nyingine huhusu moto. Maelekezo ya majaribio husema mara "heat gently", mara "heat slowly", na mara "heat strongly". Wanafunzi wengi hudhani mawili ya kwanza ni kitu kimoja, yaani polepole. Lakini "slowly" huhusu muda na "gently" huhusu ukali wa moto. Mwenye kushika neli ya majaribio juu ya mwali mkali, akiiondoa na kuirudisha kwa utulivu mkubwa, anaweza kudai kuwa anafanya "slowly", na bado hajafanya "gently" hata kidogo.

Matokeo yake huonekana wazi katika mrututu, ile chumvi ya shaba yenye fuwele za buluu. Ukiupasha kwa moto mdogo, maji yaliyofungamana na fuwele hutoka na unga mweupe hubaki. Dondoshea tone la maji nawe utauona ukirudia ubuluu wake. Ukiuchoma kwa moto mkali sana, mrututu wenyewe huvunjika, mvuke unaokaba koo hutoka, na kinachobaki ni oksidi ya shaba, nyeusi, ambayo hairudi kuwa buluu kwa tone la maji wala kwa ndoo. Majaribio mawili, dutu mbili, na kilichoyatenganisha katika karatasi ya maelekezo ni kielezi tu. Kiswahili kinayo maneno ya kutosha hapa: "kwa moto mdogo", "polepole", "kidogo kidogo", "hatua kwa hatua". Nashauri mwalimu asitosheke na "polepole" kwa yote. Anapoagiza asidi ya salfa iongezwe katika maji, neno lifaalo ni "kidogo kidogo", huku akikoroga, na lifahamike hivyo kabla chupa haijafunguliwa.

Katika fizikia, "uniformly" na "constantly" huleta utata wa namna nyingine. Jiwe likidondoshwa mahali pasipo hewa, kasi yake huongezeka "uniformly": kila sekunde huongezewa kiasi kile kile, yapata mita 9.8 kwa sekunde. Askari wa miavuli aliyeruka kutoka katika ndege, kabla hajaufungua mwavuli wake, naye huongeza kasi "constantly", yaani wakati wote, bila kusita. Lakini haongezi kwa kiasi kile kile, kwa kuwa kadiri anavyokwenda kasi ndivyo hewa inavyomzuia zaidi, na nyongeza hupungua hata ikakaribia sifuri. Mwanafunzi aliyeandika "constantly" alipotakiwa "uniformly" amesema kweli ndogo badala ya kweli kubwa, na msahihishaji hatamwelewa. "Kwa kiasi kile kile" na "wakati wote": nani kati ya vijana wetu angeyachanganya hayo mawili kwa Kiswahili?

Juu ya "continuously" na "continually" naomba tuwe wapole. Kwa kawaida ya waandishi waangalifu, la kwanza ni mfululizo usiokatika, kama kalamu ya barografu inavyochora mgandamizo wa hewa mchana na usiku. La pili ni mara kwa mara, kama mota ya jokofu inavyowaka na kuzima. Hata hivyo Waingereza wenyewe huyachanganya, na si haki kumwadhibu kijana wa Kidato cha Tatu kwa kosa ambalo wenye lugha wamelizoea.

Siwezi kuwa mpole hivyo kwa "accurately" na "precisely". Katika mazungumzo ya kila siku maneno haya hutumika kana kwamba ni mamoja, na kwa Kiswahili twayafasiri yote "kwa usahihi". Katika upimaji ni mambo mawili kabisa. Chukua rula ya mbao iliyotumika miaka mingi hata ncha yake yenye sifuri imelika milimita 3. Mpe mwanafunzi hodari apime urefu wa meza mara tano, akianzia kwenye ncha ile iliyolika. Atapata sentimita 120.3, kisha 120.3, kisha 120.2, kisha 120.3 mara mbili. Amepima "precisely", kwa kuwa vipimo vyake vinalingana vyenyewe kwa vyenyewe. Hakupima "accurately", kwa kuwa meza ile ina sentimita 120 kamili. Rula imemdanganya mara tano kwa sauti ile ile. Mwenzake mwenye rula nzima lakini mkono unaotetemeka aweza kupata 119.6, kisha 120.5, kisha 119.9, na wastani wake ukawa 120.0. Yule wa kwanza huonekana ni mpimaji bora, na darasa zima hunakili majibu yake.

Shirika la Kimataifa la Viwango lililitenga jambo hili katika kiwango chake namba 5725 cha mwaka 1994, ambamo usahihi umegawanywa sehemu mbili: ukaribu wa wastani wa vipimo na thamani ya kweli, na ukaribu wa vipimo vyenyewe kwa vyenyewe. Sioni haja ya kusubiri istilahi moja moja kwa kila dhana ndipo tuanze kufundisha. Yatosha kusema "vipimo vinavyolingana na ukweli" na "vipimo vinavyolingana vyenyewe". Rula iliyolika ipo katika kila shule. Ni kifaa bora cha kufundishia, na haina gharama.

Wanasayansi wenyewe wametambua zamani kuwa vielezi vikiachwa huru huleta fujo, na katika fani nyingine wameviwekea mipaka ya namba. Kitabu cha viwango vya dawa cha Uingereza ni mfano mzuri. Humo, dutu inayoyeyuka "freely" ni ile ambayo sehemu moja yake yahitaji sehemu 1 hadi 10 za kiyeyushi. Iyeyukayo "sparingly" yahitaji sehemu 30 hadi 100. Iyeyukayo "slightly" yahitaji 100 hadi 1000, na iyeyukayo "very slightly", 1000 hadi 10,000. Ikihitaji zaidi ya 10,000, huandikwa "practically insoluble". Hapa "practically" haina maana ya "kwa vitendo", kama mwanafunzi anayekwenda kwenye kipindi cha majaribio angeweza kudhani. Maana yake ni "tuseme haiyeyuki", ingawa kiasi kidogo sana huyeyuka.

Sasa tazama chokaa tunayoitumia kutengenezea maji ya kupimia hewa ya kaboni dayoksaidi. Gramu moja ya chokaa iliyozimwa huhitaji yapata mililita 600 za maji. Vitabu vingine vya shule husema huyeyuka "sparingly". Kwa mizani ya wafamasia huyeyuka "slightly", ambayo ni ngazi moja chini. Hakuna aliyekosea, kila mmoja anatumia kielezi kwa desturi ya fani yake. Lakini mwanafunzi hajui kuwa desturi ni mbili, na atakapokwenda kusomea ufamasia itambidi ajifunze upya neno alilodhani analijua tangu Kidato cha Pili.

Kuna pia vielezi vya uhakika, na hivyo huvuka mipaka ya maabara kwenda kwenye magazeti. Jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi limekuwa likiandika ripoti tangu mwaka 1990. Ripoti ya mwaka 2001 ilisema kwamba sehemu kubwa ya ongezeko la joto la miaka 50 iliyotangulia huenda imetokana na gesi zilizoongezwa hewani na binadamu, na neno lililotumika ni "likely", ambalo lilipewa kipimo cha uwezekano wa asilimia 66 hadi 90. Mwaka 2007 likawa "very likely", zaidi ya asilimia 90. Mwaka 2013 likawa "extremely likely", zaidi ya asilimia 95. Neno la msingi halikubadilika kwa miaka 12. Ni kielezi kilichotangulia mbele yake ndicho kilichobeba kazi yote ya wataalamu wa dunia nzima. Mtafsiri aliyeandika "huenda" katika ripoti zote tatu ameifuta kazi hiyo kwa kalamu moja. Afadhali "huenda", kisha "yamkini sana", kisha "karibu na hakika", pamoja na namba zake.

Na "significantly"? Wanafunzi wa Kidato cha Tano na cha Sita wataikuta katika biolojia na jiografia. Watu wengi huisoma kama "kwa kiasi kikubwa". Katika takwimu, tangu R. A. Fisher alipochapisha kitabu chake kwa watafiti mwaka 1925, neno hili hueleza kuwa tofauti iliyoonekana si rahisi kuwa imezuka kwa bahati tu. Desturi imekuwa kuweka mpaka kwenye nafasi moja kati ya ishirini. Dawa iliyoshusha homa "significantly" yaweza kuwa imeishusha kwa sehemu ya kumi ya nyuzi moja, ikiwa wagonjwa waliopimwa walikuwa wengi vya kutosha. Mgonjwa mwenyewe asingeona nafuu yoyote. Neno la kueleza ukubwa ni "considerably", na haya mawili yasipewe kiti kimoja.

Wako watakaosema kuwa dawa ya yote haya ni kufundisha sayansi kwa Kiswahili. Tume ya Rais ya Elimu chini ya mwenyekiti Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kuwa Kiswahili kitumike katika sekondari, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Mimi ni miongoni mwa wanaolitamani bado. Lakini tusijidanganye kuwa siku hiyo ikifika vielezi vitakuwa vimetuacha. Kiswahili nacho kina "mara kwa mara", ambayo hubeba kwa pamoja maana ya mara nyingi, ya vipindi vilivyopangwa na ya kurudiarudia pasipo mpango. Mhudumu wa zahanati anayemwambia mama ampe mtoto maji ya chumvi na sukari "mara kwa mara" hajamwambia kama ni kila saa au kila baada ya kuhara. Lugha yoyote inayotumika kupima itadai kunolewa, na tutaweza kuinoa yetu vizuri zaidi tukiwa tumezoea kuuliza maswali haya kwa lugha ya wengine.

Kwa wakati huu yako mambo mawili yanayowezekana bila waraka wala fedha. La kwanza liwahusu watungaji wa mitihani ya shule: kielezi kinachobeba jibu, kama "barely" au "uniformly", kipigiwe mstari katika swali, na msahihishaji aelekezwe kutofautisha kosa la sayansi na kosa la neno. La pili ni la mwalimu. Aweke silinda mbili za kupimia juu ya meza, moja maji yake yakiwa chini ya alama ya mililita 100 kwa unywele mmoja, nyingine maji yakiwa yameigusa alama hiyo. Kisha awaulize wanafunzi ipi ni "nearly" na ipi ni "barely", na atakayeeleza kwa Kiswahili apewe alama zile zile za atakayeeleza kwa Kiingereza.